Kutazama Ndama wa Kiangazi

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya barua mbili na kikopo kimoja.

Barua zilitoka katika vyuo viwili vilivyokubali kunisomesha shahada ya uzamivu katika famasia. Kimoja kilikuwa Ulaya, katika mji ambao barua yake ilitaja theluji kabla ya kutaja masomo. Kingine kilikuwa katika nchi jirani, mahali ambapo ningeweza kufika kwa basi. Vyote vilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sitavitaja majina, kwa kuwa vilinitendea kwa heshima, na haya ninayoyasimulia yananihusu mimi kuliko vyenyewe.

Kikopo kilikuwa cha plastiki nyeusi, kile ambacho filamu ya kamera huuzwa ndani yake. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekificha nyuma ya vitabu vyangu, na ndani yake mlikuwa na vidonge kumi na viwili vya klorokwini, dawa ya malaria. Ili msomaji aelewe kwa nini mfamasia wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wawili, alitaka kurudi darasani, sina budi kueleza habari za vidonge hivyo.

Zamani tuliwafahamu waliotutengenezea dawa, hawakuwa wengi. Ilipokuja biashara huria, dawa zikaanza kuingia kutoka kila upande, kila kopo na nembo yake. Kupeleka sampuli Dar es Salaam na kusubiri majibu kulichukua miezi, na mtoto mwenye homa hana miezi. Basi katika ghala nililofanyia kazi tulikuwa na desturi yetu: shehena mpya ikifika, kopo moja hufunguliwa na mmoja wetu hulamba kidonge. Klorokwini ina uchungu usiosahaulika, chaki haina. Kwa miaka mingi ulimi huo ulikuwa wangu. Wenzangu waliniita maabara. “Mama Neema, maabara yetu, karibu uonje,” walisema, nami nikaonja, nikatema, nikatia sahihi.

Shehena moja niliionja hivyo na kuipitisha. Baada ya wiki chache muuguzi wa zahanati moja ya vijijini aliniandikia kwamba watoto wanamaliza dozi, na siku ya tatu wanarudi na homa ileile. Akauliza: “Mama, vidonge hivi ni vizima?” Nilimjibu kwamba malaria imeanza kuwa sugu, jambo ambalo wakati ule lilikuwa kweli na lilisemwa na kila mtu. Hata hivyo niliweka vidonge kumi na viwili katika kikopo. Mtu hafichi kitu anachokiamini. Nilitaka chuo kitakachoniwezesha kujua kilichomo ndani ya kidonge, hapa kwetu, kabla hakijamezwa.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alizisoma barua zote mbili mezani, akazirudisha katika bahasha zake. “Uamuzi ni wako,” alisema. “Ila usiniletee uamuzi uliofanywa na barua yenye karatasi nzuri zaidi.” Nikaomba likizo ya wiki moja. Nilikusudia kwenda Musoma tu, kumwona Daktari Magesa, ambaye alinitangulia mwaka mmoja chuoni Dar es Salaam na baadaye akapata uzamivu wake katika chuo kilekile cha Ulaya.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Nyakato. Lori la dawa lilinichukua karibu na nyumbani, wakati wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakiingia viwandani na harufu ya samaki ikianza kupanda. Dereva, Masanja, tulifahamiana tangu zamani. Alisubiri nifunge mlango ndipo akaanza.

“Nasikia unarudi shule, Mama Neema.”

“Ndivyo.”

“Umri huu! Utabeba madaftari au wajukuu?”

“Nitabeba vyote. Wewe endesha.”

“Naendesha. Lakini ukirudi daktari usije ukanidunga sindano, maana mimi huwa nakumbuka uliyoniambia ukiwa mtu wa kawaida.”

Nilimweleza kwamba udaktari huo si wa sindano. Akafikiri hadi tukapita Igoma, kisha akasema kwamba kama si wa sindano, basi haoni sababu ya kwenda kuutafuta mbali.

Saa moja kasoro, Kisesa. Hapo nilimwomba Masanja asimame nusu saa. Kwetu mtu hafungi safari ya miaka bila kumwambia mjomba wake, hata akiwa na nywele nyeupe. Mjomba Luhende, kaka yake marehemu mama yangu, alikuwa zizini akimnywesha ndama dawa ya minyoo kwa chupa ya soda, ndama akipiga mateke na mjomba akimtukana kwa upole.

“Mwangaluka, mjomba. Shikamoo,” nilimwamkia kwa kilugha na kwa Kiswahili.

“Marahaba, mayu, mama yangu. Dawa yenu hii, mliionja kabla ya kutuuzia?”

Hakujua alichosema. Nilicheka kwa kuchelewa. Nikamweleza habari za barua mbili: chuo cha Ulaya kina mashine za kila aina na maktaba ya ghorofa sita, kile cha jirani ni kidogo. Akamwachia ndama, akafuta mikono kwa suruali.

“Wewe umeonyeshwa fahali,” alisema. “Mimi niliwahi kununua fahali mnadani hapa hapa Kisesa. Mweusi, shingo kama pipa. Watu waliacha kunisalimia mimi, wakawa wanamsalimia yeye. Ndama wake wote walilala kiangazi cha kwanza, hawakuamka.”

“Pole, mjomba.”

“Pole ya nini? Nilijifunza. Tangu hapo simtazami fahali. Nazunguka kaya za watu natazama ndama wake. Wala siendi masika. Masika kila ndama ni mnono. Naenda kiangazi, nyasi zimekwisha, maji yako mbali. Ndama anayekwenda mtoni kwa miguu yake na kurudi kwa miguu yake, baba yake ndiye ninayemtaka.” Akachukua chupa yake tena. “Hivyo vyuo vyako havijazaa?”

Masanja alipiga honi. Nilipanda lori nikilifikiria swali lake. Ndama wa Ulaya nilikuwa njiani kumwona. Lakini chuo cha jirani nacho kilikuwa na wake: Nyangeta, mdogo wangu kwa masomo, aliyekuwa akifanya kazi Ukerewe katika zahanati ya misheni. Sikuwa nimefikiria kumwendea, na sababu yake, nikiwa mkweli, ni kwamba moyoni nilikwisha kununua fahali mweusi. Kabla ya kufika Magu nilikuwa nimebadili safari yangu: Musoma, kisha Bunda, kisha Kisorya na kivuko, kisha Nansio, na kurudi Mwanza kwa meli. Na nikajiwekea jaribio moja. Kila mmoja wao ningempa kidonge kutoka katika kikopo na kumwuliza swali lile la muuguzi.

Adhuhuri, Lamadi. Tulikwisha kuvuka mto Simiyu, uliokuwa umebaki mchanga na mkanda mwembamba wa maji, maana huo ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali. Upande wa kushoto ziwa lilionekana na kupotea, jeupe kwa jua. Barabarani tulipishana na malori ya pamba ya wanunuzi binafsi, na kila kituo kidogo kilikuwa na duka jipya la dawa lenye rangi mbichi ukutani. Katika duka moja nilinunua maji, nikaona mama mmoja akivunja ncha ya kidonge, akaiweka ulimini, akakunja uso kwa kuridhika, ndipo akafungua fundo la kanga kulipa. Muuzaji alisubiri kwa adabu. Kumbe desturi ya ghala letu haikuwa yetu peke yetu.

Saa kumi jioni, Musoma. Mji una upepo na mawe, na maji pande tatu. Masanja alinishusha karibu na soko, akaniambia nimsalimie huyo daktari asiye na sindano.

Jumanne asubuhi nilimkuta Magesa katika duka lake la dawa. Nilitarajia kumwona mtu mwenye uchungu wa kuishia dukani. Nilimkuta mnene, mcheshi, mwenye wateja waliomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tulikaa nyuma ya kaunta. Alinieleza kila nilichotaka kujua: baridi, upweke wa Krismasi, walimu waliojibu barua siku hiyohiyo, mashine iliyofanya kazi usiku kucha bila kuzimika.

“Ilikuwa miaka mizuri kuliko yote,” alisema. “Sitakudanganya.”

“Na ulichosomea unakitumia?”

Alitabasamu. “Nilisomea molekuli moja, Mama Neema. Naifahamu kuliko ninavyomfahamu mke wangu, na usimwambie. Lakini mashine ya kuiona haipo upande huu wa ziwa. Niliporudi nilisubiri miaka mitatu iletwe. Kisha watoto wakataka kula, maduka yakaruhusiwa, nikafungua.”

Nilifungua kikopo, nikamwekea kidonge kiganjani. “Hiki ni kizima?”

Alikigeuza, akakinusa. Halafu, mbele ya macho yangu, daktari wa falsafa akakilamba.

“Kichungu,” alisema. “Klorokwini imo.”

“Kiasi gani?”

Mteja aliita “Baba Chacha!” naye hakugeuka. “Nirudishe kule kwa siku mbili,” alisema hatimaye, “na nitakuambia hadi tarakimu ya nne baada ya nukta. Hapa nina ulimi kama wewe.” Alinirudishia kidonge kikiwa kimelowa, na kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka. “Nani amekunywa hivi?”

“Watoto.”

Aliponisindikiza hadi kituoni alinishauri niende Ulaya. “Huenda wewe utarudi wakati mashine imefika,” alisema. Naamini alisema kwa nia njema.

Jumatano nilirudi hadi Bunda, nikashika njia ya magharibi kuelekea Kisorya. Basi lilikuwa na vumbi hata abiria wote tukafanana. Nilikuwa na saa nyingi za kuwaza. Je, ilikuwa haki kumpima mtu kwa kitu ambacho hakunyimwa na chuo chake bali na nchi yake? Fahali hana lawama kwa ukame. Lakini mjomba hakuwa akitafuta wa kulaumu. Alikuwa akitafuta ndama watakaoishi Kisesa, na Kisesa ina kiangazi kila mwaka.

Saa tisa alasiri, kivukoni. Maji kati ya Kisorya na kisiwa si mapana, na kivuko kilikwenda polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Nilifika Nansio jua likielekea kuzama. Nyangeta alinipokea kwa kunipokonya mfuko na kunigombeza. “Dada, miaka minane! Ulidhani Ukerewe tumezama?”

Alhamisi asubuhi niliamka nikamkuta mama mkwe wake uani, amezungukwa na mihogo. Kila muhogo aliokwisha kuumenya aliukata ncha, akaitafuna kidogo kwa meno ya mbele, akatema. Mitamu aliiweka chunguni. Michungu aliitupa upande wa pili, ikasubiri kulowekwa na kuanikwa iwe unga, maana ikichemshwa hivihivi inaweza kuua.

“Shikamoo mama. Ulimi haujawahi kukudanganya?”

“Marahaba. Umenidanganya mara moja tu, nikaiuguza nyumba nzima. Tangu hapo, wakija wageni, hata ulio mtamu nauonja mara mbili.” Akanitazama. “Wewe ni mgeni. Ndiyo maana hujapata kifungua kinywa.”

Saa tatu Nyangeta alinipeleka kazini kwake, chumba kimoja nyuma ya zahanati. Umeme haukuwepo siku hiyo, na kwa namna alivyofungua madirisha niliona kwamba hakuwa akiutegemea. Mezani palikuwa na mzani mdogo, mitungi ya kioo yenye vifuniko, na vipande vya kioo vilivyopakwa unga mweupe upande mmoja. Nilimwekea kidonge, nikamwuliza swali lilelile.

Hakukilamba. “Njoo saa sita,” alisema, kisha akabadili mawazo. “Hapana, kaa. Utaniponda hicho.”

Nilipokwisha kukiponda alikiyeyusha na kukichuja. Karibu na ukingo wa chini wa kioo, juu ya ule unga, aliweka matone matatu kwa mrija mwembamba kama uzi: kushoto, klorokwini kutoka katika kopo analoliamini, katikati, hiyohiyo iliyopunguzwa hadi nusu, kulia, yangu. Akakisimamisha kioo katika mtungi wenye kimiminika kidogo kilichotuchoma pua, na tukaketi tukingoja kimiminika kinyonywe na unga kwenda juu. Wakati tukingoja nilimweleza habari zote, hata ile barua ya muuguzi na jibu langu. Hakunipa pole. Nilimshukuru kwa hilo.

“Umejifunzia wapi hii?”

“Chuoni. Tulikuwa na mwalimu mwenye sharti moja: kila utakachokipima kwa mashine, kwanza kipime kwa kitu unachoweza kukibeba mkononi. Tulimchukia, dada! Wenzetu wa vitivo vingine walituita mafundi vioo.”

Kioo kilipokauka alikiweka katika mtungi mwingine wenye chembe za iodini. Taratibu madoa matatu ya kahawia yakajitokeza, yote kimo kimoja, maana dawa ilikuwa moja. La kushoto lilikuwa kubwa, limekolea. La katikati lilikuwa dogo, limefifia. Langu lilikuwa kama la katikati, labda hafifu zaidi kidogo.

Nyangeta alikiinua kioo dirishani, akarudia kazi yote kwa kidonge cha pili, akapata vilevile. “Imo,” alisema. “Ndiyo maana ulimi wako uliikubali. Hata robo tu ya dawa ingekunja uso wako. Lakini humu hakuna dozi kamili.”

Kwa miaka miwili nilikuwa nimejitayarisha kwa jibu hilo, na lilipokuja sikuwa tayari. Nilitoka nje nikasimama penye ukuta. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mtoto mgongoni, alinisogezea nafasi akidhani naumwa.

Niliporudi nilisema kwamba uamuzi wangu umekwisha kufanyika. Nyangeta alinikatiza.

“Usinifanye tangazo la biashara la chuo changu. Ilinichukua miaka saba. Vitabu nilisoma kwa zamu na watu wanne. Ningepata barua yako ya Ulaya ningeondoka kesho asubuhi, na mama mkwe ningemwachia mihogo.”

“Unanishauri hivyo?”

“Nakuambia ningefanya nini mimi. Kushauri ni kazi nyingine.” Akafunika mtungi wa iodini. “Na tena, mimi naona kwa macho kwamba ni kama nusu. Ukimpeleka muuzaji mahakamani wakakuuliza kiasi kamili, mimi nitanyamaza. Magesa asingenyamaza, kama angekuwa na mashine. Mimi namwona mwizi. Yeye angemfunga.”

Ijumaa, melini. Nansio ilirudi nyuma polepole, na ghuba ikafunguka, shwari. Nilikaa sitahani na barua zangu mbili, nikazisoma kama mtu anayesoma mara ya kwanza. Aliyosema Nyangeta yalikuwa kweli, na sikuyaondoa katika hesabu eti kwa kuwa yananisumbua. Kuchagua chuo cha jirani kulikuwa na maana ya miaka mingi zaidi, vitabu vichache zaidi, na cheti ambacho wengine wangekitazama mara mbili. Kuchagua cha Ulaya kulikuwa na maana ya kujua zaidi ya wote niliowafahamu, na pengine kurudi nikisubiri mashine. Lakini jana, katika chumba kisicho na umeme, swali la muuguzi lilipata jibu kabla ya chakula cha mchana. Kama ningejiuliza swali hilo kwa kioo kabla ya kutia sahihi, shehena ile isingefika zahanati. Mawe ya Mwanza yalipoanza kuonekana nilikuwa nimerudisha barua ya theluji katika bahasha yake. Ilikuwa na karatasi nzuri kweli.

Jumamosi niliandika barua tatu. Ya tatu ilikuwa ya Ulaya, ya shukrani. Ya pili ilikuwa ya chuo cha jirani, ya kukubali, nikiuliza kama mwalimu wa vioo bado anafundisha na kama ningeweza kufanyia utafiti dawa za homa zinazouzwa kandokando ya ziwa. Ya kwanza, iliyonichukua asubuhi nzima, ilikuwa ya muuguzi. Nilimwandikia kwamba hakukosea. Kwamba vidonge havikuwa vizima. Kwamba aliyevipitisha ni mimi, kwa ulimi wangu, na kwamba nilipomjibu habari za malaria sugu nilikuwa nikijikinga. Nilimwomba aniandikie wale watoto wanaendeleaje. Hadi leo ninaposimulia haya sijapata jibu, wala sidhani nina haki ya kulidai.

Jumatatu nilirudi kazini. Kabla ya kumwona mkuu wangu na kumweleza yote, nilipita ghalani. Shehena ilikuwa imefika tangu Alhamisi, na wenzangu hawakuigusa, walikuwa wakinisubiri. Kopo moja lilikuwa limefunguliwa mezani, na kidonge kimewekwa juu ya kipande safi cha karatasi, kama wanavyofanya siku zote.

“Maabara yetu imerudi,” mmoja alisema. “Karibu, Mama Neema.”

Nilikichukua kidonge. Kwa mazoea ya miaka mingi mate yalinijaa mdomoni. Nikakirudisha juu ya karatasi, nikatoa mfukoni kipande cha kioo kilichopakwa unga mweupe, ambacho Nyangeta alinifungia katika gazeti, nikakiweka kando yake.

“Vuteni viti,” nikawaambia. “Hii inachukua muda.”